MAZINGIRA YA SHULE NA MASOMO YA VIJANA WA LANGAS

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo nchini Kenya, magazeti hujaa picha za vijana waliobebwa mabegani na wazazi wao huku wakiimba na kupunga matawi. Ni furaha inayostahili. Lakini katika mtihani wa mwaka 2024, waliopata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391, yaani kama mmoja katika kila wanne. Wale watatu waliobaki hawapigwi picha. Miongoni mwao wamo maelfu ya vijana waliosoma katika shule za kutwa, wakitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, katika mitaa iliyosongamana kama vile Langas mjini Eldoret.

Juu ya vijana hao maneno husemwa mengi. Wengine husema ni wavivu, wengine husema akili hawana, na wengine huwalaumu wazazi. Ni wachache waulizao mahali penyewe walipoketi kwa miaka minne palikuwaje: chumba kilikuwa na watu wangapi, mwalimu alisikika au hakusikika, mchana walikula nini, na usiku walisoma kwa taa gani. Hata hivyo, mkulima yeyote wa Uasin Gishu ajua kwamba mbegu moja ikipandwa katika mashamba mawili haitoi mavuno sawa, wala haimjii fikira ya kuilaumu mbegu.

MTAA WENYEWE

Langas iko upande wa kusini wa Eldoret, kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Mji wenyewe ulianza mwaka 1910 kwa ofisi ya posta iliyojengwa katika shamba nambari 64, na ndiyo sababu wenyeji wengi huuita Sisibo hata leo. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1908, Makaburu kutoka Afrika Kusini walikuwa wamefika katika uwanda huo kwa magari ya ng'ombe, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, na ardhi ikagawanywa kuwa mashamba ya walowezi. Watoto wa Wazungu walijengewa shule yao mlimani, wakapata viwanja na mabweni. Mtoto wa kibarua wa shambani hakuwekewa kitu cha namna hiyo.

Baada ya uhuru, mashamba mengi yaliyouzunguka mji yalinunuliwa na Waafrika na kukatwa vipande vidogo vidogo. Ardhi ikatwapo hivyo, kila mtu hujenga chake kwa haraka, na nafasi ya shule hubaki finyu. Langas ikajaa watu wa makabila mbalimbali waliokuja kutafuta kazi katika viwanda vya nguo, masoko, majengo na uchukuzi: Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu, Waturkana na wengineo. Hata sehemu moja ya mtaa huo yaitwa Kisumu Ndogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Eldoret ina watu 475,716, na tarehe 15 Agosti 2024 ilipewa hadhi ya jiji.

Katika nyumba za kupanga za mtaa huo, aghalabu jamaa nzima hukaa katika chumba kimoja. Humo humo hupikwa, hulalwa, hupokewa wageni, na humo humo kijana wa kidato cha tatu hutakiwa kufanya hesabu zake. Ndiyo maana kwa mwanafunzi wa Langas shule si mahali pa kusomea tu. Mara nyingi ndiyo mahali pekee penye meza. Mwanafunzi wa tabaka la juu akikosa kitu shuleni hukipata nyumbani. Huyu wa Langas akikikosa shuleni, amekikosa kabisa. Jambo hili ndilo lililo kiini cha habari yote, na haifai kulisahau wakati wa kupanga matumizi ya fedha za shule.

WINGI WA WANAFUNZI

Mwaka 2003 serikali ilifuta karo katika shule za msingi, na mwaka 2008 ikaanza kuwalipia masomo wanafunzi wa sekondari za kutwa. Mwaka 2018 malipo hayo yaliongezwa hadi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na ikaamriwa kwamba kila mtoto amalizaye shule ya msingi aingie sekondari. Amri hiyo ilikuwa njema mno. Watoto ambao zamani wangaliishia kuuza karanga kituo cha mabasi walivaa sare na kuingia darasani. Lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi, wala walimu.

Kanuni za usalama wa shule zilizotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 zasema kwamba darasa la mita 7.5 kwa mita 6 lisizidi wanafunzi 30 wakiwa na madawati ya mtu mmoja mmoja, au 40 wakiketi wawili wawili. Msomaji na ajipigie hesabu mwenyewe. Tuseme mwalimu wa hisabati afundisha madarasa manne, kila moja likiwa na vijana 55. Hao ni vijana 220. Akitoa zoezi moja tu, na akalitazama kila daftari kwa dakika tatu, atahitaji saa 11 za kusahihisha. Akiwa na madarasa manne ya watu 40, saa hizo hupungua hadi nane. Bado ni nyingi, lakini aweza kuzigawanya katika juma. Mwalimu wa saa 11 hushindwa, na ashindwapo huacha kutoa mazoezi, ama huwaambia wanafunzi wasahihishiane. Kijana aliyekosea njia ya kutafuta kipeo cha pili mwezi wa Februari huendelea kukosea hivyo hivyo hadi Oktoba, wala hapana aliyemwambia.

Katika chumba kilichosongamana namna hiyo mwalimu hawezi hata kupita katikati ya madawati. Hufundisha wale wa mbele. Wale wa nyuma hujifunza kunyamaza, na kunyamaza hufanana sana na kuelewa.

KELELE

Mtu atembeaye Langas mchana husikia mambo mengi kwa pamoja: fundi wa jua kali apigaye nyundo juu ya mabati, pikipiki za bodaboda, redio ya dukani, kipaza sauti cha mhubiri, na malori ya barabara ya Kisumu. Wakazi wamezoea, na huenda wakashangaa wakiambiwa kwamba kelele hizo zaweza kumpunguzia mtoto alama.

Jambo hili lilipimwa zamani, mbali sana na Langas, katika jiji la New York. Ilikuwako shule moja ya msingi iliyopakana na reli ya juu, na magari ya moshi yalipita kila baada ya dakika chache. Mwaka 1975 wataalamu wawili, Arline Bronzaft na Dennis McCarthy, walilinganisha watoto wa vyumba vilivyoelekea reli na wale wa upande wa pili uliokuwa kimya. Shule ilikuwa moja na walimu walikuwa wa shule hiyo hiyo. Lakini watoto wa upande wa kelele walikuwa nyuma katika kusoma, na waliofika madarasa ya juu walikuwa wamebaki nyuma karibu mwaka mzima. Kisha reli ikawekewa mipira ya kupunguza mtikisiko, na dari za vyumba zikawekewa vibao vya kunyonya sauti. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba tofauti ile imetoweka. Watoto hawakubadilishwa akili, walisikia tu.

Langas haina reli ya juu, lakini ina mvua. Katika uwanda huo ulio mita zipatazo 2,100 juu ya bahari, mvua kubwa huanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Agosti, na mara nyingine huja na mawe. Mvua ikipiga juu ya paa la bati lisilo na dari, mwalimu hufunga kitabu na kungoja. Mkulima huifurahia mvua hiyo, na ana haki. Lakini ikinyesha alasiri baada ya alasiri, vipindi vya baada ya chakula hupotea kimoja kimoja bila kuandikwa katika daftari lolote. Dari ya vibao vyembamba haina gharama ya kutisha, na ingefaa iwekwe kabla ya kupaka rangi lango la shule. Ajabu ni kwamba lango hupakwa rangi kila mwaka.

CHAKULA, VYOO NA SIKU ZILIZOPOTEA

Fedha za serikali hazimpi mwanafunzi wa kutwa chakula cha mchana. Mzazi ndiye alipaye, na mzazi wa kibarua hulipa anapopata. Kwa hiyo kengele ya mchana ilipapo, wengine hupanga foleni ya githeri na wengine huenda nyumbani, ambako labda hapana mtu wala kilichopikwa. Hisabati ya saa nane mchana humkuta mmoja ameshiba na mwenzake akihesabu saa. Shule nyingi hupanga masomo mazito asubuhi kwa sababu hiyo, na ni busara. Lakini si dawa.

Kwa wasichana liko jambo la pili, ambalo wazee wengi huona haya kulitaja barazani. Mwaka 2017 Bunge lilibadili Sheria ya Elimu ya Msingi ili serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Walakini sodo peke yake haitoshi ikiwa choo hakina mlango ufungikao, hakina maji, wala hakina pa kutupia. Msichana katika hali hiyo hubaki nyumbani, na akikosa siku tatu kila mwezi, katika muhula wa miezi mitatu amekosa siku tisa. Kipindi cha kemia alichokikosa hakirudiwi kwa ajili yake. Hapo choo kimekuwa sehemu ya somo la kemia, hata kama hakimo katika mtaala.

Kisha kuna siku wanazopotezewa na shule yenyewe. Mwanafunzi ambaye hajalipa fedha za chakula au za mtihani wa majaribio hurudishwa nyumbani akazilete. Mkuu wa shule naye ana madeni kwa muuza mahindi, na fedha za serikali huchelewa. Yamkini hana hila nyingine. Lakini yafaa kusema waziwazi kwamba mtoto aliyerudishwa Jumatatu hurudi shuleni Alhamisi akiwa hana fedha na hana somo. Mzazi hakuadhibiwa, aliyeadhibiwa ni mtoto.

HOFU

Mazingira si kuta na madawati tu. Mtoto akiogopa hajifunzi, na hofu ina milango mingi. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakazia marufuku hayo. Hata hivyo kila mzazi ajua kwamba haikutoweka yote. Ulimi nao wapiga. Kijana aambiwaye mbele ya wenzake kwamba yeye ni mzigo wa shule hainui mkono tena mwaka mzima.

Langas ina kumbukumbu yake nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizuka Eldoret na mitaa yake, Langas ikiwamo. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho wa mji. Shule zilipofunguliwa mwaka 2008, watoto wa waliokimbia na watoto wa waliobaki walitakiwa kuketi dawati moja na kusoma historia ya nchi yao. Kazi ya mwalimu wa darasa katika siku zile haikuandikwa katika ratiba yoyote, nayo ilikuwa kubwa kuliko somo lolote. Tangu hapo, kila mwaka wa uchaguzi ukaribiapo, mtaa huingiwa na wasiwasi, na wako wazazi wanaowapeleka watoto kwa jamaa zao mashambani. Mwalimu anayejua lugha za mtaa, na asiyemwita mwanafunzi kwa kabila lake, huwa ameiondoa hofu moja kabla ya kushika chaki.

Wazazi wengi huamini kwamba dawa ya haya yote ni bweni. Wenye uwezo huwatoa watoto wao Langas na kuwapeleka mbali. Bweni humpa mtoto taa na utulivu, hilo ni kweli. Lakini mabweni yameiletea Kenya misiba pia. Huko Kyanguli, Machakos, mwaka 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini. Mwaka 2024 huko Endarasha, Nyeri, moto uliua wavulana 21. Mabweni yaliyojaa kupita kiasi yana hatari zake, na mzazi anayemtuma mtoto huko yafaa aulize milango yafunguka upande gani.

JINA LA SHULE NA KAZI YA SHULE

Hapa kuna uchunguzi mmoja ambao ungepaswa kusomwa katika kila mkutano wa wazazi. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, katika makala yaliyochapishwa mwaka 2014, walifuata watoto wa Kenya waliofanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2004. Waliwalinganisha wale walioponea chupuchupu kuingia shule za kitaifa na wale waliokosa kwa alama chache tu. Kila mtu angetarajia kwamba, baada ya miaka minne katika majengo mazuri, wale wa kwanza wangewaacha wenzao mbali. Haikuwa hivyo. Matokeo yao ya kidato cha nne hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajwa. Shule kubwa zilionekana kuwa na matokeo makubwa kwa sababu zilipokea waliokuwa tayari wameshinda.

Matokeo hayo hayasemi kwamba shule zote ni sawa. Mwaka 1979 Michael Rutter na wenzake walitoa habari za shule 12 za sekondari za London, zilizopokea watoto wa hali za chini kwa sehemu kubwa. Zilitofautiana sana katika mahudhurio, adabu na mitihani. Tofauti hiyo haikutokana na umri wa majengo wala ukubwa wake. Ilitokana na mambo kama haya: mwalimu kuanza kipindi kwa wakati, kazi ya nyumbani kutolewa na kusahihishwa, mwanafunzi kusifiwa afanyapo vema, na vijana wengi kupewa madaraka.

Kuanza kipindi kwa wakati ni jambo dogo la kusema. Lakini uchunguzi wa Benki ya Dunia katika shule za msingi za Kenya mwaka 2012 uliona kwamba, kati ya kila walimu 100 wa shule za serikali, ni 55 tu waliokutwa darasani wakifundisha. Wengine wengi walikuwamo ndani ya uwanja wa shule.

Kenya ina mifano yake yenyewe. Carey Francis, aliyekuwa mkuu wa Alliance tangu 1940, alipostaafu mwaka 1962 hakurudi kwao Uingereza kupumzika. Alikwenda kufundisha kama mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa maskini wa Nairobi, naye alikuwa huko hadi kufa kwake mwaka 1966. Mtu aliyeijua shule bora kuliko zote nchini alichagua ile ya watoto wasiokuwa na nafasi nyumbani.

Mfano wa karibu zaidi na Langas uko Njoro, katika Bonde la Ufa hilo hilo. Keriko ni sekondari ya kutwa ya wavulana na wasichana. Wakati Bruda Peter Tabichi alipopata tuzo ya mwalimu bora wa dunia huko Dubai, Machi 2019, shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu, na karibu theluthi ya wanafunzi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Tabichi alitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia. Yeye na wenzake waliwatembelea wazazi majumbani, waliwafundisha wanafunzi walio nyuma siku zisizo za masomo, na walianzisha chama cha sayansi na chama cha amani, kwa kuwa eneo hilo nalo lilikuwa limeumizwa na ghasia za 2007. Makosa ya adabu yalishuka kutoka 30 kwa juma hadi matatu. Waliokwenda vyuoni, ambao mwaka 2017 walikuwa 16 katika wanafunzi 59, mwaka 2018 walifika 26. Kompyuta ilikuwa ile ile moja.

Yasije yakasemwa kwamba basi serikali isijenge. Keriko ilimpata mwalimu mmoja wa namna yake, na haiwezekani kuendesha elimu ya nchi kwa kungoja watu wa ajabu. Walimu wa Langas wahitaji madarasa ya watu 40, dari na maji. Maabara nazo zitahitajika zaidi, kwa kuwa mtihani wa mwisho wa mfumo wa zamani umepangiwa mwaka 2027, na mtaala mpya, ambao darasa lake la kwanza la sekondari ya juu lilipangiwa Januari 2026, wadai kazi nyingi za mikono.

Lakini liko moja lisilongoja mjenzi. Saa kumi na moja jioni wanafunzi wa kutwa hutoka, na vyumba vyenye meza na umeme hufungwa kwa kufuli hadi kesho yake, wakati ule ule vijana waingiapo katika chumba kimoja chenye watoto wadogo, jiko na redio ya jirani. Shule ikifungua vyumba viwili hadi saa mbili usiku kwa wale wakaao karibu, mwalimu mmoja akashika zamu, na wazazi wakapokezana kuwapokea mabinti langoni ili wasirudi peke yao gizani, kijana wa kidato cha nne hupata saa kumi au zaidi za kusoma kila juma. Gharama ya umeme wa vyumba viwili yaweza kuhesabiwa na halmashauri ya shule katika kikao kimoja. Mlinzi wa usiku tayari yumo katika orodha ya mishahara, na funguo anazo.